Kovu la Kilima

Kalamu ya wino ilibaki mlangoni. Mkutubi Mkuu, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani moja puani na kuning'iniza nyingine shingoni kwa kamba, aliipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa kisu, akaitia kwenye kisanduku cha mbao, kisha akampa Inspekta penseli fupi iliyochongwa vizuri.

"Usinione mkali, Afande. Wino ukidondokea ramani hautoki."

"Sina neno. Na mimi naishi kwa sheria," Inspekta akajibu, akainama kutia sahihi kwenye daftari la wageni.

Kituoni walimwita Taratibu. Jina lilianza kama utani wa wenzake waliochoka kumsubiri amalize kuandika maelezo ya shahidi, lakini lilimganda kwa sababu lilimfaa pande zote mbili: alikwenda polepole, na hakuruka hatua hata moja ya kazi. Leo mwendo huo ulimtia wasiwasi mwenyewe. Kesho saa tatu asubuhi mlinzi wa zahanati angefikishwa mahakamani kusomewa shtaka, na Inspekta aliamini mzee yule hana kosa, ila imani haiandikwi kwenye jalada.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Siku tisa zilizopita, kilima kilichokuwa nyuma ya zahanati kiliporomoka saa sita mchana, siku ya nne ya mvua isiyokatika. Udongo ulifunika wodi ya wazazi mpaka kwenye paa. Ndani hamkuwa na mtu. Wagonjwa wote ishirini na sita walikuwa wamehamishwa asubuhi ya siku ileile, na aliyewahamisha ni muuguzi mkuu, kwa sababu ya barua. Barua haikuwa na jina. Mlinzi aliikuta imesukumwa chini ya lango wiki moja kabla, akampelekea muuguzi mkuu, naye akaisoma mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe na kuanza kuhesabu siku za mvua.

Watu walimshukuru Mungu na muuguzi. Mkandarasi wa barabara hakuwa na nafasi ya kushukuru. Mashine zake ndizo zilizokuwa zimekata mguu wa kilima kile kupitisha barabara mpya, na watu walianza kunong'ona. Wakili wake akaja kituoni na hoja moja: aliyejua siku ya kuporomoka ndiye aliyeporomosha. Akaleta na shahidi aliyemwona mlinzi akiwa na koleo kwenye mtaro wa maji huko juu, siku mbili kabla ya tukio. Mzee akasema alikuwa anazibua takataka ili maji yasiingie wodini. Hakuaminiwa, akawekwa ndani.

Mhandisi wa mji naye aliandikisha maelezo. Alisema ofisi yake haikupata kuonywa na mtu yeyote juu ya kilima kile.

Kitu kimoja Inspekta alikisema mapema, tena mbele ya Mkuu wake wa upelelezi, ili kisije kikageuka neno baadaye. Katika wale ishirini na sita, wawili walikuwa wake: binti yake, na mjukuu aliyekuwa na umri wa siku mbili. Alidhani angepokonywa jalada. Mkuu akamtazama tu, akasema, "Wenzako wote wanamtafuta mhalifu. Nataka mmoja anitafutie mwandishi."

Ndivyo alivyofika kwenye maktaba ya jiolojia ya chuo kikuu, ghorofa ya chini ya jengo la zamani lililonukia karatasi kavu na mawe.

Aliitoa barua ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani chini ya taa.

MUUGUZI MKUU. WODI YAKO IMEKAA JUU YA UDONGO ULIOWAHI KUSHUKA. KOVU LA ZAMANI LINAPITA CHINI YA UKUTA WA MASHARIKI. SASA MGUU WA KILIMA UMEKATWA. IKINYESHA SIKU TATU MFULULIZO, WAHAMISHE WATU. USINGOJE SIKU YA NNE IISHE. TAFADHALI.

Mkutubi Mkuu aliisoma bila kugusa plastiki. Akavua miwani ya puani, akavaa ya shingoni, akaisoma tena. Alichukua muda mrefu kuliko maneno yalivyohitaji.

"Herufi hizi ni za ramani," akasema hatimaye. "Kubwa tupu, zimelala kidogo upande wa kulia, na kimo kimoja. Mtu alipiga mistari ya penseli kwanza, akaandika, kisha akaifuta."

"Nani hapa anaandika hivi?"

"Daktari. Mhadhiri wetu wa miamba. Anafundisha wanafunzi kuchora ramani."

"Yupo leo?"

"Yuko humu kila siku mpaka nimfukuze."

Inspekta aliandika kwa ile penseli. Kuna jambo hakulisema. Karatasi ya barua ilikuwa imekatwa kwa wembe na rula pande tatu, na upande wa nne ulikuwa umechanika. Na tangu barua iingie kwenye kabati la vielelezo, kabati lilijaa sisimizi. Karani wa vielelezo aliapa hajawahi kula chakula humo. Maabara walikwangua ukoko mweupe kwenye pembe ya karatasi wakasema ni wanga, aina ya unga. Inspekta aliuliza unga wa nini, wakamjibu hawakuulizwa hilo.

"Nitembeze kwanza," akasema. "Nataka kujua mtu anayetafuta habari za kilima kimoja anapitia wapi humu."

Mkutubi Mkuu alinyooka. Swali lilimpendeza, ilionekana. Akampitisha kwenye rafu za majarida, kisha tasnifu za wanafunzi zenye majalada meusi, kisha chumba cha daftari za uwandani: mamia ya vitabu vidogo vya mfukoni walivyotembea navyo wapimaji, vingine vimeingiwa na matope na kukauka nayo, kimoja kikiwa na alama ya kikombe cha chai. Akamwonyesha kumbukumbu za visima vilivyochimbwa, kila kisima na urefu wake na udongo uliotoka humo mita kwa mita. Akamfungulia hata sanduku la vioo vyembamba vilivyobandikwa vipande vya miamba, vilivyosagwa mpaka mwanga unapenya.

"Watu hudhani tunatunza mawe," akasema. "Tunatunza miguu ya watu. Kila mstari humu, kuna mtu aliutembea."

Mwisho walifika kwenye makabati ya ramani, ya chuma, yenye droo pana na bapa. Akavuta moja. "Kilima chako kiko Karatasi Namba 47."

"Nani ameiomba mwaka huu?"

Daftari la wasomaji lilijibu. Karatasi 47 ilikuwa imeombwa mara mbili tu tangu mwaka uanze, na mara zote mbili sahihi ilikuwa ya Daktari.

Mhadhiri alikuwa amekaa meza ya dirishani, mtu mrefu mwenye buti za matope na mikono mikubwa, darubini mbele yake. Alipoona mfuko wa plastiki aliacha kurekebisha darubini.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Si wewe hasa. Mtu kama wewe."

Inspekta akavuta kiti. "Uliiomba Karatasi 47 mara mbili."

"Niliiomba."

"Kwa kazi ya nani?"

Mhadhiri akatazama nje ya dirisha. "Ya mkandarasi. Alitaka ripoti ya uimara wa kilima kabla ya kukata."

"Uliandika kwamba ni imara."

"Niliandika kwamba ramani haionyeshi dalili ya udongo kuwahi kushuka. Ni kweli haionyeshi. Njoo uone."

Wakaitandaza. Karatasi ilikuwa safi, imepigwa chapa kwa rangi tatu. Kilima kilikuwa duara la kijani, na mahali pa zahanati palikuwa pameachwa vivyo hivyo, bila alama yoyote. Inspekta aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Hakuna kovu. Upande wa mashariki, magharibi, popote.

"Ulipanda mwenyewe kukitazama?"

"Niliomba siku tatu za kupanda. Wakaniambia hawana siku tatu, niandike kutokana na ramani."

"Ukaandika."

"Nikaandika." Aliikunja mikono yake mikubwa juu ya meza. "Afande, kama ningekuwa mimi niliyeandika hiyo barua, ningekuwa napata usingizi."

Inspekta aliyapima maneno hayo. Mtu aliyejua habari za kovu lile asingeweka sahihi yake kwenye ripoti kama hiyo, halafu amwandikie muuguzi kinyume chake. Na kama aliamua kutubu kwa siri, alilijulia wapi, maadamu ramani aliyoishika mara mbili haina? Mhadhiri alikuwa anaficha kitu alipoketi pale, lakini alikificha kwa dakika moja tu kisha akakitoa, nacho kilikuwa aibu.

"Nakala ya ripoti unayo?"

"Utaipata leo. Na barua yao ya kunikatalia zile siku tatu utaipata pia."

"Asante. Itakusaidia kuliko unavyofikiri." Inspekta alianza kuinuka, macho yake yakaangukia maandishi madogo kwenye pembe ya chini ya ramani. Akasoma kwa sauti: "Toleo la pili, limerahisishwa." Akauliza, "Kurahisisha maana yake nini?"

"Walipopiga chapa upya waliondoa vitu vidogo vidogo ili ramani isomeke."

"Kovu ni kitu kidogo?"

Mhadhiri akayasoma tena yale maandishi ya pembeni. "Toleo la kwanza lilipakwa rangi kwa mkono," akasema polepole. "Nimelisikia tu. Lilifutwa humu kabla sijaajiriwa."

Inspekta alirudi kwa Mkutubi Mkuu. Alikuwa amesimama karibu na makabati, karibu kuliko ilivyolazimu.

"Toleo la kwanza la Karatasi 47 liko wapi?"

"Lilifutwa. Miaka minane iliyopita uongozi uliagiza tupunguze rafu. Palipokuwa na toleo jipya, la zamani liondoke. Karatasi kumi na moja. Muhuri nilipiga mimi mwenyewe."

"Zikaenda wapi?"

"Kuchomwa."

"Nani alizipeleka?"

"Fundi wetu. Mama Gundi, anayetengeneza ramani zilizochanika."

"Moto uliuona?"

Mkutubi Mkuu alivua miwani akaiacha ining'inie. "Moto sikuuona," akasema.

Chumba cha fundi kilikuwa mwisho wa korido, penye dirisha kubwa linalotazama ua. Kilijaa mwanga. Kwenye kamba zilining'inia karatasi zilizolowa, na ukutani palipangwa masanduku ya kadibodi yenye majina: MIPAKA, VISIMA, MABONDE. Herufi kubwa tupu, zimelala kidogo kulia, kimo kimoja. Mama wa miaka kama sitini, mnene kiasi, aproni imemfika magotini, alikuwa anapaka gundi mgongoni mwa ramani kwa brashi pana, wembe na rula kando yake. Aliitikia salamu bila kuinua brashi, kwa sababu ukiinua katikati panabaki alama.

Inspekta alitazama chini. Miguu minne ya meza ilikuwa imesimama ndani ya makopo manne ya maji.

"Maji ya nini, dada?"

"Sisimizi. Gundi yangu naipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Wanaipenda kuliko sukari. Usipowawekea maji, asubuhi unakuta wamefika mpaka kwenye karatasi."

Inspekta alivuta kigoda akaketi. Unga wa nini, sasa alijua.

"Wamefika mpaka kituoni kwetu," akasema.

"Kina nani?"

"Sisimizi."

Brashi ilimaliza mkondo wake mpaka ukingoni. Kisha mama yule akailaza juu ya kopo, akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa na mzigo kichwani na sasa amefika.

"Nilikuwa nangoja hii ikauke," akasema, akionyesha ramani iliyolowa. "Nikiiacha sasa inajikunja. Nilitaka ikikauka niombe ruhusa, nije kituoni mwenyewe. Jana redio ilisema mmemshika mlinzi. Sikujua, kaka. Haki ya Mungu sikujua."

Akavuta droo ya meza, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya tarehe ya leo, herufi zilezile, na chini yake jina lake lote na sahihi. Ilisema: Mimi ndiye niliyemwandikia muuguzi mkuu. Mlinzi simjui, hanijui.

Inspekta aliisoma mpaka mwisho. "Mbona ile ya kwanza hukuitia jina?"

"Ile haikuwa ya kwanza." Akatia mkono tena kwenye droo. "Ya kwanza ni hii."

Ilikuwa nakala ya barua kwa mhandisi wa mji. Ilieleza kovu, ukuta wa mashariki, mguu wa kilima. Ilikuwa na jina, namba ya simu na kazi ya mwandishi. Juu, upande wa kulia, palikuwa na muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili kabla ya kilima kushuka.

Inspekta alishika karatasi ile kwa kingo zake. Alijizuia kupumua juu yake.

"Walikugongea muhuri kwenye nakala."

"Niligoma kuondoka mpaka wagonge. Miaka thelathini na moja niko maktaba, kaka. Mimi sitoi karatasi mkononi mwangu bila muhuri."

"Mhandisi alisemaje?"

"Aliniuliza mimi nani. Nikamwambia natengeneza ramani. Akauliza, unazichora? Nikasema hapana, nazibandika zikichanika. Akacheka, si kwa ubaya, alicheka tu. Akasema, mama, haya ni mambo ya wataalamu, nenda ukapumzike." Alinyoosha pindo la aproni. "Nilipofika nyumbani nikafikiri. Barua ya mbandika karatasi watu wanaiweka chini ya kikombe cha chai. Isiyo na jina, huwezi kujua imetoka kwa nani, labda kwa mkubwa. Inakutia hofu. Nikasema, basi, na imtie hofu mtu mmoja anayeweza kuhamisha vitanda."

"Na kovu ulilijulia wapi?"

Alisimama. Nyuma ya mlango kulikuwa na bomba la kadibodi refu, akalifungua na kutoa karatasi iliyobandikwa juu ya kitambaa cha pamba. Waliitandaza wote wawili, kila mmoja upande wake. Rangi zilikuwa zimepakwa kwa mkono, kahawia na waridi na manjano iliyofifia. Pembeni palikuwa na muhuri mwekundu: IMEFUTWA. Na kutoka juu ya kilima, ukishuka kama ulimi, ulikuwepo mstari wa nukta nyekundu. Inspekta aliufuata kwa macho mpaka chini. Uliishia mahali ambapo, miaka mingi baadaye, watu walijenga wodi.

Kandoni, kwa penseli, palikuwa na mwandiko mdogo: Wenyeji wanasema kilishuka zamani za babu zao, mvua ya siku nne.

"Magoti yangu yananisumbua," akasema Mama Gundi. "Nikaenda zahanati kutafuta dawa, nikakuta mashine zinakata pale chini. Nilisimama nikasema, mbona mahali hapa napajua? Na sijawahi kufika. Nikapakumbuka kwa vidole. Nilikuwa nimeubandika mstari huu mwenyewe, ulikuwa umechanika katikati."

"Uliambiwa uzichome."

"Niliambiwa. Nilizifikisha mpaka kwenye tanuri la uani. Nikaona ule mwandiko wa penseli, nikaona mtu alikaa chini na wazee wa watu akawauliza, akaandika. Mkono ukakataa. Kama ni kosa, nimelifanya, na nimebakiza miezi minne kustaafu. Andika."

Inspekta hakuandika. Aliketi tena kwenye kigoda, akaitazama ramani, na maneno aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi kwa ajili ya mwandishi huyu, maneno mazuri kabisa, hayakuja.

"Binti yangu alikuwa kitanda cha pili kutoka ukutani," akasema. "Ukuta wa mashariki."

Mama Gundi akamgeukia.

"Na mtoto?"

"Alikuwa na siku mbili."

"Anaendeleaje?"

"Ananyonya, analala, analia."

"Basi vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akatazama mikono yake iliyokauka gundi.

"Dada, asante ni neno dogo. Sina lingine."

"Linatosha, kaka. Ila mgawie na huyu." Akagusa kitambaa karibu na ule mwandiko, bila kuugusa wenyewe. "Jina lake halimo. Nimetafuta kwenye daftari zote za uwandani nisilione. Alipanda kile kilima kwa miguu, akashuka, akaandika alichoambiwa. Mimi nilibandika tu."

Mlangoni palikuwa na mtu. Mkutubi Mkuu alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Herufi nilizijua tangu ulipoweka ile barua mezani," akamwambia Inspekta. "Nilikutuma kwa Daktari ili nijue kwanza unamtafuta mwandishi kwa nia gani. Nisamehe."

"Ulinipotezea saa nzima."

"Najua."

"Usirudie," Inspekta akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Mkutubi Mkuu aliingia, akaisogelea ramani. Alitazama muhuri wake mwekundu. "Ziko ngapi?"

"Zote kumi na moja," akajibu Mama Gundi. "Ziko nyuma ya kabati la visima. Nilikuwa nazipangusa kila mwezi."

"Miaka minane mimi nalala nikijua nimezichoma." Aliweka mkono begani kwa fundi wake, kwa ugeni, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi bila kugusana. "Asante. Kesho naziandikia kadi upya. Mtu akiuliza zilikuwa wapi, zilikuwa kwa fundi, zinatengenezwa. Si uongo."

Maelezo ya Mama Gundi yaliandikwa kwenye meza ya korido, nje ya mlango, ambako wino unaruhusiwa. Inspekta aliandika taratibu kama desturi yake, akamsomea, akamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi. Alihesabu vielelezo: barua yenye muhuri wa kupokelewa, ramani ya toleo la kwanza, ramani ya toleo la pili, ripoti ya mhadhiri na ile barua ya kukataliwa siku tatu, ambayo Daktari aliileta mwenyewe akipiga mbio na karatasi mkononi. Kisha akampigia Mkuu wake, akaeleza yote kwa mpangilio, bila kupamba.

"Kwa hiyo mhandisi alidanganya kwenye maelezo yake," akasema Mkuu.

"Muhuri unasema hivyo."

"Na mlinzi?"

"Alizibua mtaro."

Ikasikika sauti ya kiti kusukumwa. "Namwita mwendesha mashtaka sasa hivi. Mzee atakula chakula cha leo nyumbani kwake. Njoo na hizo karatasi, na usizikunje."

Waliporudi chumbani, Inspekta alipokuwa anarudisha ramani kwenye bomba, Mama Gundi hakumwachia. Alikuwa ameshika ukingo wa kitambaa.

"Kaka, kwa kuwa leo nimepata mtu wa kunisikiliza," akasema, "kuna nyingine."

Akaenda nyuma ya kabati la visima, akarudi na Karatasi Namba 52. Ilikuwa na rangi zilezile za mkono, na upande wa kaskazini wa mji, juu ya mto, ulikuwapo ulimi mwingine wa nukta nyekundu, mfupi na mpana. Hapakuwa na kitu chini yake kwenye ramani. Inspekta alipajua mahali pale. Sasa palikuwa na soko la mboga na safu mbili za nyumba.

"Huko hawajakata kilima," akasema Mama Gundi. "Lakini mvua bado ipo. Nimehesabu. Leo ni siku ya pili."

Nje ya dirisha manyunyu yalikuwa yanapiga ua. Inspekta hakumtafuta mhandisi wa mji. Alimpigia simu mkuu wa zimamoto, akampata ofisini, akamweleza habari za kovu, akampa namba ya karatasi, jina la soko na upande wa mto. Upande wa pili alisikia kalamu ikikwaruza.

"Habari hii umeitoa kwa nani?" mkuu wa zimamoto akauliza.

"Fundi wa ramani wa chuo kikuu. Ninaye hapa. Ndiye aliyeandika ile barua ya zahanati."

Kalamu iliacha kukwaruza.

"Nilichimba pale siku mbili na vijana wangu, kuhakikisha hakubaki mtu," sauti ikasema. "Kila tulipofikia kitanda nilikuwa nasema moyoni, sasa. Kitanda kitupu. Tunachimba, kingine, kitupu. Mpaka cha mwisho. Mwambie asitoke hapo, namfuata mwenyewe na gari. Twende naye akatuonyeshe hilo kovu linapoanzia na linapoishia."

Inspekta aliyarudia maneno yale jinsi alivyoyasikia. Mama Gundi alisikiliza huku amesimama, mkono mmoja juu ya ramani. Alipapasa karatasi iliyokuwa mezani, akaona imekauka. Ndipo akapeleka mikono nyuma, akafungua aproni.